Tone la Oili Chini ya Lori

Lori kuukuu la usharika lina kazi nyingi: hubeba mabati na saruji ya kanisa, hupeleka waimbaji mkutanoni, na mara nyingine humpeleka mgonjwa hospitali usiku. Basi likiacha doa jeusi mahali liliposimama, tusilipite kama jambo la bure. Oili ndiyo inayozuia chuma kusagana na chuma ndani ya injini. Ikipungua mno, injini hukwama, na gharama yake yaweza kumeza sadaka za miezi mingi.

Chini ya injini pana bakuli la chuma liitwalo sampu, nalo ndilo lihifadhilo oili. Limefungwa kwa boliti ndogo nyingi, na kati yake na injini imewekwa gasketi. Katika injini nyingi za zamani gasketi hiyo ni ya gamba jepesi kama lile la vizibo vya chupa. Kwa miaka mingi gamba hilo hukauka na kusinyaa, na oili hupata njia.

Kwanza, tujue oili yatoka wapi. Mara nyingi huanza juu, kwenye mfuniko wa vali, ikatiririka na kudondokea penye sampu. Tusafishe injini upande wa chini kwa sabuni na maji, tukaushe, kisha lori liendeshwe kwa dakika 15. Ndipo tutazame kuanzia juu kwenda chini, na mbele kwenda nyuma, maana oili hushuka, na upepo huisukuma nyuma. Penye unyevu palipo juu kabisa ndipo penye asili yake. Ikiwa yatoka kati ya injini na giaboksi, kazi hiyo ni ya fundi. Tena tutazame bomba la kupumulia la injini. Likiziba, mvuke wa ndani husukuma oili itoke ukingoni, na gasketi mpya haitafaa kitu.

Pili, mtu asiingie chini ya lori lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Magurudumu yazuiwe kwa mawe makubwa, na chasisi ikalie stendi imara.

Tatu, tujaribu dawa ndogo kabla ya kubwa. Ikivuja penye nati ya kumwagia oili, ibadilishwe washa yake. Ikivuja ukingoni, boliti zilizolegea zikazwe kwa upole. Hapa ndipo wengi hukosea: hukaza kwa nguvu zote, ukingo ukapinda penye matundu, gasketi ikakatika, na kuvuja kukazidi.

Nne, isipokoma, oili imwagwe ingali vuguvugu, sampu ishushwe, na gasketi ya zamani ikwanguliwe yote. Ukingo uliopinda ulazwe juu ya ubao mgumu, ugongwe polepole kwa nyundo hata unyooke. Gasketi mpya ikiisha kuwekwa, boliti zote zitiwe kwa vidole kwanza. Kisha zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, huku na huku, kidogo kidogo, mpaka kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha lori. Oili itiwe, injini iwashwe, na kesho yake tutazame tena.

Oili chafu isimwagwe mtoni wala shambani, maana huharibu maji ya watu; na ikigusa ngozi mara kwa mara yaweza kuleta kansa. Itiwe katika debe lenye kifuniko, ipelekwe kwa wanaoikusanya, nasi tunawe kwa sabuni.

Wako wasemao: Tuongeze oili tu, lori litaendelea. Kuongeza kwafaa kwa safari moja, lakini si kutengeneza. Ukingo wenye unyevu usiodondoka waweza kungojewa, mradi oili ipimwe kila asubuhi, lori likiwa mahali palipo sawa na injini imepoa. Bali udondokao usingojewe. Bwana wetu alifundisha uaminifu katika mambo madogo, na lori la usharika limenunuliwa kwa senti za wajane na wakulima. Basi wazee wa kanisa wamwulize dereva kila juma: Kijiti cha oili chasema nini? Na jibu lake liandikwe katika daftari.