Jinsi ya kuandika maisha ya babu, zaidi ya wasifu wa msibani

Msibani tulisomewa wasifu wa babu: alizaliwa Tabora, akaja Tanga kukata mkonge, akaoa, akajaliwa watoto, ameacha mjane, wajukuu na vitukuu. Hakuna uongo hapo. Lakini badilisha jina tu, utaweza kumsomea mzee mwingine yeyote wa Korogwe. Ndiyo maana baada ya arobaini nilianza kuandika maisha yake upya. Ukitaka kufanya hivyo kwa babu yako, njia iliyonifaa ni hii.

Anza na watani

Wengi hukimbilia kwa watoto wa marehemu. Mimi nashauri uanze na watani. Babu alikuwa Mnyamwezi aliyezeekea kwa Wazigua, na utani wa makabila hayo umeanzia enzi za misafara ya kwenda pwani. Siku ya maziko, mtani mmoja alivaa koti la babu, akashika fimbo yake, akazunguka uani akifunua masufuria: "Nani katia chumvi yote hii? Mnataka kuniua mara ya pili?" Watu walicheka huku wanalia. Baba na shangazi wasingethubutu kunisimulia jinsi babu alivyokuwa akiwasumbua wapishi, lakini mtani haogopi. Mfuate baadaye, umrekodi kwa simu. Mtengee na chochote, maana mtani haongei bure.

Tafuta miaka kwa matukio

Ukimuuliza mzee "ilikuwa mwaka gani?" atakujibu "zamani." Muulize kama ilikuwa kabla au baada ya jambo analolikumbuka. Kwa upande wetu nilitumia mgomo wa wafanyakazi wa mkonge wa Mazinde wa 1958, Uhuru wa 1961, Azimio la Arusha la 1967 na Vita vya Kagera vya 1978–79. Bibi hakujua mwaka alioolewa, ila alikumbuka kuwa wakati wa mgomo mtoto wao wa kwanza alikuwa anatambaa. Hapo ndoa yao nikaiweka katikati ya miaka ya 1950. Palipobaki shaka niliandika "takriban", nikaendelea.

Uliza kazi, usiulize tabia

Swali la "alikuwa mtu wa namna gani?" lina jibu lake tayari: mcheshi, mpenda watu, mcha Mungu. Uliza alivyofanya kazi. Mzee aliyekata naye mkonge alinyanyuka kitini akanionyesha: unainama shinani, unakata majani kwa kisu, unaondoa mwiba wa nchani, unahesabu majani 30, unafunga mtita, unaubeba begani hadi kwenye reli ya troli. Babu, alisema, kila mtita aliuongeza jani la 31. Mnyapara akihesabu akakosea, kosa liwe la mnyapara mwenyewe. Jani hilo moja lilinieleza tabia ya babu vizuri kuliko sifa zote nilizokwisha kuandika.

Fungua sanduku mapema

Vitu vya marehemu hutawanyika haraka: shati kwa huyu, redio kwa yule, karatasi jikoni kuwashia moto. Piga picha kila kitu kabla ya kugawana, na picha za studio uzigeuze usome nyuma. Kwetu zilikuwamo kadi ya TANU na kipande cha kazi, ile kadi ya siku 30 ambayo mfanyakazi alitiwa alama kila siku aliyomaliza kazi yake. Kwenye kipande hicho, alama zilikatika katikati kwa siku kadhaa. Bibi alipoelezwa hivyo ndipo akakumbuka mwiba wa mkonge uliomwingia babu mguuni, na jinsi alivyomkanda kwa maji ya chumvi. Mimi nisingejua hata kuliuliza jambo hilo.

Wakipingana, andika yote

Baba anasema babu aliacha mkonge kwa sababu serikali ilichukua mashamba. Baba mdogo anasema aliacha kwa sababu kazi ilipungua. Nilipofuatilia historia, kila mmoja alikuwa na pa kusimama: bei ya mkonge duniani iliporomoka katikati ya miaka ya 1960, kamba za plastiki zilipoingia sokoni, na baada ya Azimio serikali ikachukua mashamba mengi. Nimeandika kauli zote mbili, na msemaji wa kila moja. Usijifanye hakimu wa ukoo. Yale ya aibu yanayomgusa mtu aliye hai, muulize mwenyewe kwanza, akikataa, yaache.

Soma kwa sauti kabla ya kuchapa

Waite wanandugu, mmoja asome, wengine wasikilize. Wazee wasiojua kusoma ndio wahariri wako wakali; watakukatiza kwa jina la kijiji, kwa mtoto uliyemsahau, kwa nani alimtangulia nani. Sahihisha, kisha toa kopi, kila nyumba ipate yake. Sauti ulizorekodi zihifadhi kwenye simu zaidi ya moja.

Na kama babu yako bado yupo, nunua sukari na majani ya chai uende kwake wiki hii. Anza na kazi yake ya kwanza: nani alimfundisha, alilipwa shilingi ngapi, na mshahara wa kwanza alinunua nini. Mengine atayaleta mwenyewe.