Taa kwa Wafu Wasio na Kaburi



Katika mazungumzo yetu na familia zilizokimbia vita, kuna swali linalorudi mara kwa mara, na mara nyingi linatoka kwa akina mama. Mama mmoja wa Masisi aliniuliza hivi: «Mwanangu, mume wangu alibaki njiani. Maiti sikuiona, siku aliyokufa siijui. Matanga nitayaondoa tarehe gani?» Mwenzake aliyekaa karibu akasema kaburi la baba mkwe wake liko kijijini, na kijijini hakuna anayefika. Siku ile sikuwa na jibu. Niliandika tu maneno yao kwenye daftari.

Somo hili linatoka mbali, kwa watu wa dini ya Kihindu. Tusichanganye maneno: kwetu kila mwenye duka aliyetoka Asia tunamwita Muhindi. Lakini Mhindi ni mtu wa nchi ya India, na anaweza kuwa Mwislamu, Mkristo au Sikh. Mhindu ni yule anayefuata dini ya Kihindu. Hatuandiki ili mtu aache dini yake. Tunaandika kwa sababu watu hawa, kwa karne nyingi, wamewakumbuka wafu wao bila kuwa na makaburi.

Mimi nilijifunza habari hii kwanza Kampala, nilipokuwa mwanafunzi. Nilipanga chumba nyuma ya nyumba ya bibi mmoja Mhindu. Jioni moja ya mwezi wa tisa nilimkuta mlangoni akiwasha taa ndogo ya udongo, utambi wa pamba ndani ya mafuta, moto ukielekea kusini. Nikamuuliza: «Bibi, umeme umekatika?» Akacheka sana. Akaniambia taa ile ni ya baba yake na mama yake. Familia yao iliondoka Uganda mwaka wa 1972, wakati Idi Amin alipowapa watu wa asili ya Asia siku 90 kutoka nchini. Baba alifia Uingereza, mama alifia India, na yeye akarudi Kampala miaka ya 1990 pamoja na wanawe. Nikamuuliza makaburi yako wapi. Akasema: «Sisi hatuna makaburi.»

Na ni kweli. Wahindu wengi huchoma maiti, kisha majivu hutiwa mtoni au baharini. Hakuna jiwe wala msalaba wa kutembelea. Kumbukumbu inashikwa na vitu vingine: siku iliyopangwa, maji, chakula na taa. Vitu hivyo mkimbizi anaweza kuvibeba.

Kila mwaka, kati ya mwezi wa tisa na wa kumi, kuna majira yanayoitwa Pitru Paksha, yaani nusu ya mwezi ya mababu. Ni wakati mwezi wa angani unapopungua usiku kwa usiku mpaka kupotea. Familia humimina maji yenye mbegu za ufuta, hutoa matonge ya wali, huwawekea kunguru chakula, na hutaja majina ya wafu wa vizazi vitatu: baba, babu, na baba wa babu. Jioni wengi huwasha taa. Inaelekezwa kusini kwa sababu katika imani yao upande wa kusini ni wa Yama, mungu wa mauti, na ndiko waliko mababu.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya nifungue tena daftari langu. Kila mfu ana siku yake katika majira hayo, kulingana na siku ya mwezi aliyofariki. Lakini siku ya 14 imewekwa kwa waliouawa kwa silaha, waliokufa vitani au kwa ajali. Na siku ya mwisho, usiku usio na mwezi kabisa, ni ya mababu wote, pamoja na wale ambao tarehe yao ya kufa haijulikani au imesahauliwa. Watu wa zamani walijua kwamba vita na safari zinapoteza tarehe. Hawakumwambia mjane akatafute tarehe kwanza. Walimpatia siku.

Hata maiti isipopatikana kuna njia. Katika desturi yao, aliyepotea anaweza kutengenezewa umbo la mtu kwa nyasi na majani, kisha umbo hilo likachomwa kwa heshima zote za mazishi.

Baada ya wiki chache zinakuja taa nyingine. Katika mji wa Varanasi, kando ya mto Ganga, mwezi wao uitwao Kartik, watu husimamisha mianzi mirefu na kuning'iniza juu yake vikapu vyenye taa ndani. Wanaziita taa za angani. Maana yake ni kuwamulikia mababu njia ya kurudi. Katika miaka ya karibuni taa hizo huwashwa pia kwa askari na polisi waliokufa kazini. Huko Odisha, siku ya sikukuu ya Diwali, familia hukusanyika na kuwasha vijiti vya mmea wa juti, wakiwaita mababu na kuwaaga ili warudi katika mwanga. Na kwa Wabengali, usiku wa kuamkia ibada ya Kali, kila nyumba huwasha taa 14 kwa ajili ya vizazi 14 vya mababu, zikiwekwa mlangoni, jikoni, kila pembe yenye giza. Bengali iligawanywa mwaka wa 1947, na mamilioni wakakimbia wakiacha mashamba na nyumba. Taa 14 hazihitaji shamba la babu. Zinahitaji udongo, pamba na mafuta kidogo.

Viongozi, hapa kuna neno kwenu. Katika Mahabharata, kitabu kikubwa cha Wahindu, kuna vita vya siku 18 kati ya watu wa ukoo mmoja. Vita vinapokwisha, waliosalia wanashuka mto Ganga kuwamiminia wafu maji. Hapo mama yao, Kunti, anawaambia wanawe wamimine maji kwa Karna pia. Karna alikuwa adui yao, na mmoja wao ndiye aliyemuua. Ndipo Kunti anafunua siri: Karna alikuwa mwanawe wa kwanza, kaka yao wa damu. Mkubwa wa ndugu, Yudhishthira, analia, kisha anamfanyia Karna ibada ya kaka. Mpaka leo, katika kumimina maji, wako Wahindu wanaotaja wazi hata wasio jamaa zao, na wafu wasio na mtu wa kuwakumbuka.

Nimehudhuria matanga ambapo majina ya wafu yalitajwa dakika tano, na majina ya maadui saa nzima. Vijana walitoka pale wakitafuta silaha. Mzee mwenye busara anajua dakika ile ya kumnyang'anya msemaji neno. Sisemi ukweli ufichwe au haki isidaiwe. Haki ina mahali pake. Nasema tu taa ya mfu isigeuzwe kiberiti.

Desturi hii nayo ina kasoro zake. Katika familia nyingi, ibada ya maji na wali iliachiwa mtoto wa kiume, na binti akawa mtazamaji. Taa haina sharti hilo: yule bibi wa Kampala aliiwasha mwenyewe, bila kumngoja mwanawe.

Onyo moja la kazi yetu. Wanaoishi chini ya maturubai wasiwashe moto ndani wala karibu ya vibanda. Kambi inaungua haraka, na upepo haungoji. Tochi inatosha, au taa moja ya wote mahali pa wazi, mtu mzima akiilinda.

Katika kikundi chenu zungumzeni haya: Kwa desturi ya kwenu, aliyekufa bila kuonekana alikumbukwa namna gani? Je, mnaweza kukubaliana siku moja kwa ajili ya wote wasiojulikana tarehe, kabila lolote, na nani ataitangaza? Mapasta, mapadri na maimamu wanasemaje? Majina yatakayotajwa yataandikwa na nani, na nani ataangalia kwamba hakuna familia iliyosahauliwa? Mama wa Masisi alitaka tuanze na swali la siku.