Uvimbe wa Shingo Usiouma

Mtu akipata kidonda mguuni, huenda akatokewa na mtoki kinenani. Mtoki huo huuma, na kidonda kikipona nao hunywea. Lakini uko uvimbe mwingine, hasa wa shingoni au kwapani, ambao kwa kawaida hauumi wala haunywei, bali huzidi kukua. Daktari Thomas Hodgkin wa London alieleza habari zake mwaka 1832, na ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Ni saratani ya tezi. Hauambukizi, wala si kazi ya wachawi.

Pengine mgonjwa hushikwa na homa, hutoka jasho jingi usiku, na kukonda. Dalili hizo ni za kifua kikuu pia, na hapo ndipo penye hatari: wako waliotibiwa kifua kikuu miezi mingi bure, huku saratani ikienea. Mkono hauwezi kuzitofautisha tezi hizo. Sharti tezi moja ikatwe, itazamwe kwa darubini. Chembe kubwa zenye viini viwili, mfano wa macho ya bundi, ndizo alama ya ugonjwa huu.

Zamani wengi walikufa. Tangu miaka ya 1960 madaktari hutumia dawa kadhaa kwa pamoja, pengine na mionzi, na wagonjwa wengi wanaotibiwa hivyo hupona. Matibabu huchukua miezi. Uvimbe hunywea mapema, na mgonjwa akaacha dawa akidhani amekwisha kupona.