Dondoo muhimu: Rangi ya taa za zenoni

Kabla ya kulipia taa za zenoni dukani, soma namba iliyoandikwa kwenye boksi. Hiyo 4300, 6000 au 8000 ni kipimo cha rangi kwa kelvini, si cha ukali wa mwanga. Wauza spea wengine husifia namba kubwa kana kwamba ndiyo taa kali zaidi. Ni kinyume chake.

Nunua 4300. Ndiyo rangi ambayo magari mengi yenye zenoni hutoka nayo kiwandani: nyeupe yenye umanjano kidogo, karibu lumeni 3,200 kwa globu ya wati 35. Ukitaka weupe zaidi, ishia 5000, au 6000 kama urembo umekuzidi nguvu. Kuanzia 8000 mwanga unageuka bluu, 12000 zambarau. Gari linapendeza likiwa limeegeshwa, lakini lami iliyolowa mvua inaumeza mwanga huo na shimo unaliona ukiwa umeshalifikia. Manjano ya 3000 ziachie taa za ukungu.

Badilisha zote mbili kwa pamoja, maana globu hubadilika rangi kadiri inavyozeeka. Usiguse kioo chake kwa vidole vitupu.

Na kama taa ya gari lako ilitengenezwa kwa globu ya halojeni, bila projekta, zenoni ya rangi yoyote itatawanya mwanga machoni mwa dereva anayekuja mbele yako. Hapo baki na halojeni nzuri.