Kujua Si Kutenda: Chakula cha Mtoto Mchanga

Wavulana wenzangu, najua mkiona kichwa hiki mtasema, "Aa, hayo ni ya akina mama." Ngojeni kidogo.

Mwaka jana dada yangu mkubwa alijifungua mtoto wa kiume. Kliniki alikuwa amefunzwa vizuri: ampe mtoto dang'a, kisha maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, hata maji asimpe. Aliporudi nyumbani, nyanya alisema ati maziwa yale ya manjano ni machafu, yakamuliwe yamwagwe. Dada alikataa katakata. Hapo alishinda.

Taabu ilikuja mtoto alipotimiza miezi 2 na dada akarudi sokoni kuuza mboga. Mchana mtoto alikaa na nyanya. Jioni, nikitoka shule, nilimpokea mimi. Akilia, nilimpa uji mwepesi kwa chupa. Alinyamaza, nami nikafungua vitabu vyangu. Haikupita muda, akaanza kuhara na kutapika. Alilazwa siku 4. Nilipoyaona macho yake yaliyozama ndani, nilikumbuka kwamba mkono uliomshikia chupa ulikuwa wangu.

Nilimwuliza dada, "Kwani nesi hakukwambia?" Akanijibu, "Aliniambia. Lakini nesi hataniuzia sukuma wiki."

Jibu hilo ndilo somo langu.

Kwa nini maziwa ya mama pekee? Kwanza, dang'a ina kinga ya maradhi. Pili, karibu sehemu 88 kati ya 100 za maziwa ya mama ni maji, kwa hivyo mtoto hapati kiu hata jua likiwaka. Tatu, uji hujaza tumbo lake dogo, naye hanyonyi vya kutosha. Asiponyonya, maziwa ya mama hupungua. Nne, chupa ni ngumu kuosha, na uchafu uliobaki ndani huleta kuhara.

Je, wazazi wa Kenya hawayajui haya? Wengi wanayajua. Mwaka 2003, ni watoto 13 tu kati ya 100 walio chini ya miezi 6 waliopewa maziwa ya mama pekee. Mwaka 2014 walifika 61. Lakini mwaka 2022 walikuwa 60. Yaani tulipanda mlima haraka, kisha tukakwama.

Tazama sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama likizo ya miezi 3, na mtoto anahitaji miezi 6. Sheria ya Afya ya 2017 humtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Mwuza mboga je? Mwajiri wake ni nani?

Basi jamaa ndio chumba chake. Mtoto alipotoka hospitalini tulipanga hivi: asubuhi dada ananawa mikono na kukamua maziwa katika kikombe safi chenye kifuniko. Mahali pasipo joto, hukaa muda wa saa 4 bila kuharibika. Nyanya anamnywesha kwa kikombe, si kwa chupa. Adhuhuri anampeleka sokoni akanyonye. Jioni nampeleka mimi. Wengine walinicheka njiani. Wacheke tu.

Baada ya miezi 6 ndipo alipoanza uji mzito, viazi vilivyopondwa, ndengu, yai na mboga, mara 2 au 3 kwa siku, huku akiendelea kunyonya. Inafaa anyonye hadi miaka 2 au zaidi. Leo mpwa wangu anatembea na kunivunjia kalamu.

Wenzangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Usimwambie mama anyonyeshe kisha ukaketi. Mwulize, "Nikusaidie nini?"

MSAMIATI
Dang'a: maziwa ya kwanza ya mama baada ya kujifungua.
Kukamua: kutoa maziwa kwa kubana.
Kulikiza: kumwachisha mtoto kunyonya.

MASWALI YA KUJADILI CHAMANI
1. Kwa nini mtoto wa miezi 2 hahitaji maji?
2. Baba, nyanya na ndugu wanaweza kumsaidia vipi mama anayenyonyesha?
3. Taja methali nyingine inayofaa kisa hiki.