Ufaransa kwa Baiskeli, Mbali na Magari

Ukitafuta njia za baiskeli Ufaransa utakutana na ramani zenye mistari ya rangi inayokatiza nchi nzima, kila mmoja na jina lake la kuvutia. Usiiamini haraka. Baadhi ya mistari hiyo ni barabara za vijijini zenye magari, machache lakini yapo. Mingine ni njia ambazo gari haliruhusiwi kukanyaga. Wafaransa wenyewe huzitenganisha. Véloroute ni mkondo mzima wa safari uliowekewa vibao, na unaweza kukupitisha kwenye lami ya magari. Voie verte ni njia iliyotengewa waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na, mara nyingi, wapanda farasi. Kibao chake ni mraba wa bluu wenye picha za waendao kwa miguu na wapanda baiskeli. Kwa anayesafiri na watoto, au asiyezoea kupitwa na malori, hiyo ya pili ndiyo ya kutafuta.

Njia hizi nyingi zilikuwa na kazi nyingine zamani, na ukiijua kazi hiyo utajua mapema miguu yako itapata taabu kiasi gani. Mwaka 1879 waziri Charles de Freycinet alikuja na mpango mkubwa wa kufikisha reli hata kwenye miji midogo. Reli zikajengwa. Magari na mabasi yalipoenea katika karne ya 20, treni za vijijini zikakosa abiria, laini zikafungwa moja baada ya nyingine na vyuma vikang'olewa. Tuta likabaki. Kwa kuwa treni haiwezi mlima mkali, wahandisi wa wakati ule walikata vilima, wakajaza mabonde na kutoboa mahandaki, na leo anayefaidi jasho lao ni mpanda baiskeli. Penye reli ya zamani, hata eneo la milima hupandika bila kushuka kusukuma.

Aina ya pili ni kando ya mifereji. Kabla ya injini, mashua za mizigo zilivutwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni, na njia ya farasi hao ndiyo inayopitwa na baiskeli sasa. Huko ni tambarare tupu, isipokuwa kwenye malango ya maji ambapo kuna mwinuko mfupi wa kupanda, kama mashua nazo zinavyopandishwa.

Mtu anayeanza ningemwelekeza kwenye mfereji wa Garonne, kutoka Toulouse kuelekea Bordeaux. Una urefu wa kilomita 193 na ulikamilika mwaka 1856. Jina lake halivumi kama la jirani yake, Canal du Midi, lakini kwa baiskeli ni bora zaidi kwa sababu sehemu kubwa ya njia yake ina lami safi, na kivuli cha miti kipo saa nyingi za mchana. Ukipita Montauban kwa njia ya pembeni au ukinyooka Montech, utafika Moissac, mji wa abasia ambayo ua wake wa nguzo ulikamilika mwaka 1100. Simama hapo nusu siku. Mbele, karibu na Agen, mfereji wenyewe unaupita mto Garonne juu ya daraja la mawe lenye matao 23 na urefu wa zaidi ya mita 500: mto uko chini, mashua zinaelea juu, na wewe unapita pembeni kwa baiskeli. Ni jambo ambalo picha hazilielezi sawasawa.

Njia ya mfereji inaishia karibu na Castets-en-Dorthe. Kutoka maeneo hayo kuna kipande cha barabara ndogo zenye vilima vya mizabibu, na hapo magari yapo, hivyo pita asubuhi. Ukifika Sauveterre-de-Guyenne unaingia tena kwenye reli ya zamani, inayokufikisha jirani na Bordeaux baada ya takriban kilomita 50. Imepewa jina la Roger Lapébie, mshindi wa Tour de France ya mwaka 1937, anayekumbukwa kuwa wa kwanza kuchukua taji hilo kwa baiskeli yenye mtambo wa kubadilisha gia tunaoujua leo. Uzuri mwingine wa safari hii ni kwamba treni ya Bordeaux–Toulouse inafuatana na mfereji kwa sehemu ndefu. Mvua ikikushinda, au goti likigoma, kuna stesheni Montauban, Moissac, Agen na Marmande.

Canal du Midi je? Pierre-Paul Riquet aliuanza mwaka 1666, ukafunguliwa mwaka 1681 muda mfupi baada ya kifo chake, na tangu 1996 umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Una kilomita 240, na ni kazi ya kustaajabisha. Ila kilomita 50 hivi za kwanza kutoka Toulouse zikiisha, kwa sehemu kubwa lami nayo inaisha, na unabaki na udongo, mawe na mizizi inayorusha mikoba. Isitoshe, miti yake maarufu imeshambuliwa na ugonjwa wa ukungu usio na dawa, na tangu 2006 maelfu imekatwa, hivyo kuna vipande vya jua kali ambavyo vitabu vya zamani vya wasafiri bado vinavisifia kwa kivuli. Nenda ukiwa na tairi nene na subira, au usiende.

Bourgogne ndiko ilikofunguliwa njia ya kwanza ya aina hii Ufaransa, mwaka 1997, kati ya Givry na Cluny, kilomita 44 juu ya reli ya zamani, katikati ya mizabibu na vijiji vya mawe ya rangi ya asali. Kusini mwa Cluny kuna handaki la Bois Clair, lenye urefu wa kilomita 1.6. Ukiingia kutoka kwenye joto la Julai unapigwa na baridi ya ghafla, basi vaa koti kabla ya kuingia na uwashe taa. Miezi ya baridi hufungwa kwa sababu popo wanalala humo, na msafiri analazimika kupanda mlima kwa barabara ya juu.

Bretagne wana mfereji wa Nantes hadi Brest, wenye zaidi ya kilomita 360, uliochimbwa katika karne ya 19, kwa sehemu na wafungwa, unaopita chini ya kuta za ngome ya Josselin. Ni wa kimya kuliko yote niliyoitaja, na mvua ni ya kutarajia. Loire à Vélo, kilomita 900 kufuata mto Loire, ndiyo yenye sifa kubwa na hoteli nyingi, lakini vipande vyake vingi hupita kwenye barabara ndogo zenye magari.

Sheria si nyingi, ila zinafuatwa. Kofia ngumu ni lazima kwa mtoto wa chini ya miaka 12, awe anaendesha au amepakiwa. Baiskeli iwe na breki mbili, kengele, taa nyeupe au ya njano mbele na nyekundu nyuma. Nje ya mji usiku, au pakiwa na ukungu, vaa kizibao cha kuakisi mwanga. Simu mkononi au vipokea sauti masikioni ni faini ya yuro 135. Kipimo cha pombe cha dereva wa gari kinamhusu mpanda baiskeli pia, jambo la kukumbuka ukipita Bordeaux. Hatari ya kweli iko pale njia yetu inapokata barabara: mara nyingi ni wewe unayetakiwa kusimama, na vizuizi vya chuma vilivyowekwa hapo ni vyembamba kwa baiskeli yenye mikoba mipana. Shuka, sukuma, tazama pande zote mbili.

Treni za mikoa, TER, hubeba baiskeli, kwa kawaida bure, ingawa baadhi ya mikoa hudai uweke nafasi majira ya kiangazi. TGV zina nafasi chache na za kulipia. Nyingine hazina kabisa. Baiskeli iliyofunguliwa magurudumu na kutiwa kwenye mfuko usiozidi sentimita 130 kwa 90 huhesabiwa kuwa mzigo. Beba tyubu mbili, pampu, viraka na viungo vya ziada vya cheni, maana fundi wa kijijini ni bahati.

Chakula kinahitaji mpango kuliko njia yenyewe. Maduka ya vijijini hufungwa mchana kwa saa mbili au zaidi, Jumapili jioni hakuna kitu, na Jumatatu nyingi ni hivyo hivyo. Nunua mkate, jibini na matunda asubuhi kabla hujajaza maji. Maji ya bomba ni salama, na penye kijiji kisicho na duka nenda makaburini: huwa kuna bomba la kumwagilia maua, ila ukiona maandishi eau non potable usinywe. Asiyekula nguruwe atazame menyu kwa maneno porc, jambon na lardons. Hilo la mwisho hujificha hata ndani ya saladi. Pa kulala, tafuta kambi za manispaa, ambazo ni nafuu, au nyumba zenye kibao cha Accueil Vélo, ambazo hulazimika kuwa na mahali salama pa kufungia baiskeli na vifaa vya matengenezo madogo.

Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi mizuri. Agosti Wafaransa wote wako likizo na joto la kusini ni la kutisha.

Mwenye kibali cha kuishi katika nchi ya Schengen anaweza kuondoka wikendi hii. Anayetoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasiwasilishwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Anayetaka kuendesha Juni aanze kutafuta tarehe ya miadi Januari.