Kwa Nini Bati Hutoa Jasho?

Huko Nanganga, kwenye barabara ya Mtwara kwenda Masasi, korosho huvunwa kuanzia Oktoba, na mvua hufika nyingine zikiwa bado ghalani. Magunia huweza kulowa usiku ingawa paa halivuji. Maji hutoka wapi?

Usiku wa anga safi, bati hupoteza joto upesi, likawa baridi kuliko hewa ya ndani. Mvuke ukiligusa hugeuka matone, kama umande. Paa la nyasi halitoi jasho hilo, kwa kuwa hewa iliyonaswa ndani yake huzuia joto kupita.

Povu la poliyurethani hufuata kanuni hiyo. Vimiminiko viwili huchanganywa na kupulizwa chini ya bati; huvimba, kisha huwa vigumu, vikiwa na vijitundu tele vyenye gesi. Vijitundu hivyo vikiwa vimefungika, mvuke pia huzuiwa usilifikie bati. Hata hivyo, povu huwaka moto, tena huficha mahali panapovuja.

Asiyemudu povu azianike korosho zikauke kabisa, kwani zenye unyevu ndizo huongeza mvuke ghalani; aweke dari, afungue madirisha wakati wa jua, na apange magunia juu ya chaga. Korosho zikiota ukungu, bei hushuka, na hasara ni ya mkulima.